Programu gani ya ujenzi ununue ikiwa unataka rekodi za malipo zitoke bila kusumbuana

Muuzaji wa programu ya kusimamia ujenzi hukuonesha michoro, picha za saiti na ratiba zenye rangi. Malipo hayatajwi sana siku hiyo. Miezi sita baadaye benki inaomba orodha ya malipo ya mikataba yote ya wakandarasi wadogo, na mhasibu anajikuta anapakua faili la Excel mradi mmoja baada ya mwingine. Hapa nimepanga programu kwa kigezo kimoja: je, API yake, yaani mlango ambao mfumo wako mwingine unapitia kuomba data, inakupa malipo halisi ya kila mkataba?

Nasema malipo halisi kwa sababu programu nyingi hutoa neno "imelipwa" na kuishia hapo. Chukua cheti cha malipo, yaani hati inayoidhinisha kiasi cha kulipwa kwa kazi iliyofanyika, namba 4 cha shilingi 12,000,000. Zuio, yaani pesa inayoshikiliwa kama dhamana ya ubora, la asilimia 10 linaondoa 1,200,000, itakayokaa hadi kiishe kipindi cha matazamio, muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukamilika. Malipo ya awali, aliyopewa mkandarasi kabla ya kuanza, yanarejeshwa kwa asilimia 20, inaondoka 2,400,000. Inabaki 8,400,000, tukiacha kando kodi ya zuio inayokatwa kwa ajili ya serikali, nayo inalipwa kwa mafungu mawili: hundi ya 5,000,000, kisha 3,400,000 mwezi unaofuata. Rekodi inayofaa itakupa fungu kila moja na tarehe yake, namba ya hundi au ya muamala, cheti na mkataba wake. Tarehe peke yake ina thamani ya pesa. Kwenye Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mwajiri ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai yenye vielelezo, na akichelewa mkandarasi ana haki ya riba. Huwezi kudai riba kwa neno "imelipwa".

Kwa kampuni ya kati ya Afrika Mashariki, naweka ERPNext namba moja. Ni programu huria ya uhasibu na uendeshaji wa biashara ya kampuni ya Frappe ya India, chini ya leseni ya GPL, na unaweza kuiweka kwenye seva yako bila ada ya leseni. Malipo ni rekodi inayojitegemea, Payment Entry, yenye kiasi, njia ya malipo, namba ya kumbukumbu na jedwali la ankara zilizolipwa. API imo humo humo: unatengeneza ufunguo na siri yake, unaomba. Ila mpe fundi wako wa programu tahadhari hizi. Ukiomba orodha bila kutaja kikomo, unapata rekodi 20 tu, na usipotaja sehemu unazotaka unapata majina ya rekodi peke yake. Jedwali la ankara huja unapofungua rekodi moja moja. Na achuje docstatus, sehemu inayoonesha hali ya rekodi: 0 ni rasimu, 1 imethibitishwa, 2 imefutwa. Asipochuja, hundi zilizofutwa zitaingia kwenye jumla. Udhaifu wake ni kwamba haikuzaliwa kwenye ujenzi. Zuio na urejeshaji wa malipo ya awali utavifungulia akaunti zake mwenyewe, na utahitaji mtu anayeielewa. Mtu huyo ndiye gharama yako.

Ya pili ni Procore ya Marekani, na kwa kampuni kubwa ningeipa nafasi ya kwanza. Kwa ujenzi ndiyo iliyokamilika kuliko zote humu: mikataba, madai, mabadiliko ya kazi na zuio vyote vina mahali pake, na kuna anwani maalumu ya malipo ya mkataba, contract_payments. Unaitajia mradi na mkataba, inakurudishia kiasi, tarehe, namba ya hundi na namba ya ankara. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuorodhesha mikataba, kisha kuipitia mmoja mmoja huku ukifuata kurasa hadi ya mwisho. Kuna kikomo cha maombi kwa muda fulani. Programu yako isome vichwa vya majibu, taarifa zinazotangulia kila jibu la API, na ijue kusubiri. Bei hutolewa kwa kila mteja kulingana na thamani ya kazi zake za mwaka, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Jambo la kuuliza kabla ya kusaini ni nani ataingiza malipo hayo. Kama hundi zinaandikwa kwenye mfumo wa uhasibu na mifumo miwili haijaunganishwa, API itakurudishia orodha tupu, na kwa haki kabisa.

Autodesk Build inafuata. Ina API ya gharama yenye mikataba, bajeti na malipo, lakini imejengwa zaidi kuzunguka madai ya malipo: kipindi, kiasi kilichodaiwa, hatua ya idhini. Mkadiriaji majenzi ataipenda kuliko mhasibu. Ufunguo unapatikana Autodesk Platform Services, iliyoitwa Forge hadi 2022, na msimamizi wa akaunti lazima auidhinishe kwanza. Kama ofisi tayari inachora kwa Revit, programu ya michoro ya Autodesk hiyo hiyo, ina maana kuichukua. Vinginevyo, hapana.

Odoo na QuickBooks Online, programu za uhasibu na biashara kwa jumla, naziweka pamoja chini. Zote zinatoa malipo vizuri, ila mkataba wa ujenzi hazina. Utauigiza kwa mradi au lebo, na siku mtu akisahau lebo, malipo yanapotea kwenye ripoti. Kwa Odoo ya mtandaoni, API ya nje imo kwenye mpango wa Custom peke yake, hivyo usinunue Standard ukidhani utaunganisha baadaye. QuickBooks ya kusakinisha kwenye kompyuta haina API ya wavuti kama ya Online.

Primavera Unifier ya Oracle ni ya wenye miradi mikubwa. Mkandarasi hainunui, huikuta kwa mteja.

Yoyote utakayoichagua, omba ufunguo wa majaribio kabla ya kulipa. Ingiza cheti kile cha 12,000,000 chenye mafungu mawili, futa fungu moja, liingize upya, halafu mwambie fundi wako avute rekodi. Jumla ikitoka 8,400,000 na tarehe mbili, endelea na mazungumzo ya bei. Kwenye mkataba na muuzaji, andika kwamba usajili ukiisha API itabaki wazi siku 90 ili utoe rekodi zako zote za malipo pamoja na viambatisho vyake.