TAHADHARI: "mashine ya umeme" ya kujazia risasi kwa wenye baridi yabisi

Wawindaji wenzangu mlioko Marekani, na hasa nyinyi wazee wetu mnaosumbuliwa na baridi yabisi ya vidole, kuna tangazo linazunguka mitandaoni la mashine ya kujazia risasi (kuyatumia tena maganda yaliyokwisha kupigwa kwa kuyatia baruti na vichwa vipya) inayojiendesha kwa umeme. Dola 149, eti mpini hushiki kabisa, na ukilipa leo unaongezewa baruti na praima (kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda), usafiri bure. Msilipe! Mzee mmoja wa huku Texas kalipa kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa moja kwa moja toka benki. Mashine haikufika, muuzaji hapatikani, na benki inamwambia pesa alizituma mwenyewe kwa hiari yake.

Mota za kuendesha mashine hizi zipo kweli, ila hufungwa kwenye mashine kubwa za hatua nyingi (zinazofanya kazi kadhaa kwa mvuto mmoja wa mpini), na mota peke yake mara nyingi hupita dola elfu moja. Halafu hiyo baruti ya bure: baruti na praima husafirishwa kama bidhaa hatari, na wauzaji halali kwa kawaida hutoza ada ya ziada. Anayeahidi kuvituma kwa posta ndiyo kabisa, maana USPS, posta ya Marekani, haipokei baruti wala praima. Hata picha ni za kuibwa. Nembo imefutwa vibaya hadi alama yake inaonekana.

Matapeli hawa wanajua wanamwinda nani. Mashine ya hatua moja (inayofanya kazi moja kwa kila mvuto) inataka mpini uvutwe mara kadhaa kwa risasi moja, na kuokota praima kwa ncha za vidole asubuhi ya baridi ni mateso. Lakini nafuu ipo bila mota. Ondoa kirungu cha duara kwenye mpini, weka kishikio cha rola, uvute kwa kiganja bila kukunja ngumi. Praima zipachike kwa kifaa kilichofungwa mezani, si kile cha kubana mkononi. Maganda ya bunduki yapake mafuta yake vizuri ili mpini uvutike kwa urahisi. Yale ya bastola yaliyonyooka, ukitumia kalibu (vyuma vya kurudisha ganda kwenye umbo lake) za kabaidi, chuma kigumu sana, hayahitaji mafuta. Na nenda dukani uuvute mpini mwenyewe kabla hujatoa pesa. (Mlioko nyumbani Afrika Mashariki msiagize vitu hivi: kutengeneza risasi bila leseni ni jela.)

Aliyelipa kwa kadi ya mkopo apinge malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya kadi yenye malipo hayo. Wa Zelle aipigie benki yake leo leo. Wote ripotini kwenye tovuti za serikali ya Marekani, reportfraud.ftc.gov na ic3.gov, na picha za mazungumzo msizifute.