Spika za boti kwa Ziwa Nyasa: hizi nimezifunga Matema na bado zinapiga

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini. Kama una boti au deki ya mbao huku kwetu Matema, Itungi, Ikombe na kwingine kote mwambao wa Kyela, chukua spika za kampuni ya Polk, toleo la DB+, za nchi sita na nusu au kitu cha daraja hilo, hela inayobaki itie kwenye waya, fyuzi na boksi la nyuma, na usikubali kulipia zaidi kwa sababu muuzaji anakwambia hii ni chuma cha baharini. Ziwa letu halina chumvi jamani. Ushauri karibu wote wa spika za boti unatoka kwa watu wa bahari, na mtu wa Mbeya anaubeba ulivyo, anaishia kulipia kinga ya chumvi ambayo haihitaji halafu anaacha kinga ya jua na mvua ambayo ndo inayomhusu.

Fikiria hali yenyewe ya kule chini. Unatoka Mbeya mjini kwenye mita kama 1,700 na baridi yako, unapita Uyole, unapita Tukuyu kwenye chai na migomba, ukifika Kyela uko kwenye mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto limekukaa mwilini na hewa imejaa unyevu. Kyela mvua yake kwa mwaka inazidi milimita 2,000, ni kati ya wilaya zinazonyeshewa sana nchi hii, na Machi mpaka Mei inapiga kweli kweli. Halafu mvua ikikata jua linawaka, na maji ya ziwa yanalirudisha lile jua juu kwenye ubavu wa boti. Kwa hiyo spika ya Matema inaloa na kukaushwa kila siku, plastiki inapauka, raba inakakamaa, na maji ya mvua yanatafuta njia kupitia nyuma ambako hakuna anayeangalia.

Spika zilizokuwepo kwenye boti yetu ya kubeba wageni kabla ya hizi zilinunuliwa duka moja mjini, duka sitalitaja, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haziingii maji na kuna picha ya boti inakata mawimbi. Msimu mmoja wa mvua tu zikaanza kukoroma. Nilipofungua grili nikakuta koni ni karatasi, karatasi kabisa, imepakwa ngozi nyembamba ya plastiki nyeusi upande wa mbele, ukiigusa kwa kucha inabanduka na chini yake kuna kitu laini kilicholowa. Ile pete inayoshika koni ilikuwa sponji, imekatika robo nzima ya mzunguko. Nyuma ndo kabisa, vile vichwa vya kuungia waya viko wazi vimeota ukungu wa kijani, skrubu zimeshika kutu na zimechora mstari wa kahawia kwenye rangi nyeupe ya boti. Nikazirudisha dukani, jibu likawa mzee warranti haihusu maji. Spika za boti, warranti haihusu maji! Iliniuma sana na ndo maana nawaandikia wengine wasipitie hapo.

Kwa hiyo kwanza kabisa, achana na maneno ya kwenye boksi, tafuta namba ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6, ya pili ni maji, na ukiona X hapo maana yake kipimo hicho hakijatajwa. Ya maji 5 ni maji ya kurushwa kwa bomba, 6 ni maji ya kurushwa kwa nguvu zaidi, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Watu wanadhani 7 imezibeba zote za chini yake, hapana. Kitu cha IPX7 kimepimwa kuzamishwa, hakijapimwa kurushiwa maji kwa nguvu, na kwenye boti wimbi linakuja likirushwa na mvua ya Kyela inapiga kwa ubavu, kwa hiyo mimi namba 5 au 6 naithamini kuliko 7 kwa spika ya kufunga ukutani. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, kwa spika nyingi za kutoboa na kuchomeka namba ile ni ya uso wa mbele ikishafungwa vizuri na raba yake, nyuma panatakiwa pakae pakavu. Ukiiacha nyuma inaning'inia kwenye uwazi wa boti ambako maji ya chini yanarukaruka, namba ya boksini haikusaidii kitu.

Pili jua. Zile kampuni zinazojali huwa zinaandika kipimo cha mionzi ya jua, ASTM D4329, na kipimo cha mvuke wa chumvi, ASTM B117. Sisi tutafute cha kwanza kwa nguvu zote na cha pili kikiwepo sawa tu. Hata kwenye skrubu ni hivyohivyo, chuma cha pua cha 316 kina molibdenamu inayozuia chumvi isikitafune, mwenye boti Mafia au Zanzibar asikubali kingine, lakini kwa maji yasiyo na chumvi kama yetu 304 inatosha na bei yake iko chini. Ila isiwe skrubu ya kawaida iliyong'arishwa tu, hiyo hata Matema itaoza.

Sasa hizi Polk. DB+ zimetengenezwa kwa gari na boti zote mbili na zimethibitishwa kutumika kwenye boti, koni ni plastiki, pete yake ni raba, ohm 4, na zile za nchi sita na nusu, DB652, zinabeba wati 100 za RMS. Hiyo RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo, ndo ya kuangalia. Ile 300 iliyoandikwa kubwa ni ya kilele, inapita mara moja kama radi. Sauti yake iko wazi, maneno ya mwimbaji unayasikia hata injini ikiwa inanguruma, kwaya zinatoka vizuri sana na mimi hilo lilinigusa maana wageni wetu wengi wa Jumamosi ni wanakwaya na familia zinazoshuka kwenda kuona vyungu vya Lyulilo. Besi ni ya kiasi. Mtu aliyezoea gari lenye milango imefungwa ataona imepungua, na kweli nje hakuna ukuta wa kuirudisha, sauti nzito inaondoka na upepo, hiyo ni ya spika yoyote ile na ukitaka besi ya kweli nunua sabufa ya boti peke yake, usiilazimishe hii.

Kuna walio juu yake. Fusion na JL Audio zote sasa ziko chini ya Garmin, ya kwanza tangu 2014 na ya pili 2023, ni vitu vya hali ya juu na vina vya baharini kabisa, ila kwa boti ya mbao ya kubeba watu kumi ziwani naona ni hela nyingi. JBL, Kicker, Rockford Fosgate na Pioneer nao wana za boti, angalia vitu vilevile nilivyosema. Na angalia desibeli za usikivu, huwa zimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, yaani spika ya 90 kwa wati 50 inakupa sauti ileile ya spika ya 87 kwa wati 100. Kwenye boti inayotegemea betri hilo ni jambo kubwa kuliko jina la kampuni.

Tuje kwenye kufunga, maana hapa ndo pesa inapopotea. Kabla hatujatoboa nahodha wetu, mzee wa ziwa tangu ujana, alinisimamisha. "Shikamoo baba," nikamsalimu, akaitikia kisha akaweka kiganja pale nilipochora. "Marahaba mwanangu, hapa usitoboe, humu ndani kuna taruma, ule mti wa mbavu unaoshika boti, na chini ya hapa Julai mawimbi yanafika." Tukahamisha juu, karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, chini ya benchi la kuketi. Huo ushauri uchukueni ulivyo, usikate mataruma na usitoboe popote ambapo boti ikijaa watu inakaribia maji, upepo wa kusini wa kuanzia Mei mpaka Agosti hauna utani na boti ni roho za watu kabla ya kuwa muziki. Angalieni pia dira kama mnayo, sumaku ya spika inaivuta, wekeni mbali, hata ya kwenye simu inadanganyika ukiilaza karibu.

Tumia ile karatasi ya vipimo inayokuja kwenye boksi, toboa tundu dogo kwanza uchungulie nyuma kuna nini, kisha ndo ukate duara. Mbao mbichi iliyokatwa lazima uipake rangi au vanishi pale kwenye mkato wote kabla ya kuweka spika, la sivyo inakunywa maji inavimba na skrubu zinalegea. Raba ya spika ikae bapa. Wengi wanamimina silikoni mzunguko mzima, mimi sipendi, siku ya kuifungua utaipasua fremu, raba ikikaa vizuri na skrubu ukizikaza kwa kubadilishana pande kidogo kidogo haipiti tone. Nyuma tumetengenezea kiboksi cha mbao ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya boti, chini yake kuna kitundu kidogo cha kutolea maji ya jasho. Kiboksi hicho kimefanya mambo mawili, kimekinga mgongo wa spika na kimeongeza besi kidogo.

Waya. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Waya wa shaba tupu wa nyumbani unaingiza unyevu kwa ndani ya ganda lake, ukiuchuna baada ya muda unakuta umekuwa mweusi mpaka mbali na sauti inapotea bila kujua kwa nini. Nunua uliopakwa bati, ule ukiuchuna unaona nyuzi ni nyeupe kama fedha. Mbeya haupatikani kila duka, sisi tuliagiza Kariakoo ukaja kwa basi. Wa spika wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa boti ndogo, wa kwenda amplifaya usipungue 4 na uupime kwa urefu, ukiwa mrefu panda juu. Viungio vibanwe kwa koleo lake halafu vivalishwe slivu ya kubana kwa moto yenye gundi ndani, risasi ya kuchomelea peke yake kwenye boti inayotetemeka inakatika. Na kabla waya haujaingia kwenye spika uache uning'inie kidogo uwe na tumbo chini ya kiungio, maji yanayoteremka na waya yanafika kwenye tumbo yanadondoka hapo badala ya kuingia. Kitu kidogo mno, hakigharimu hata shilingi, na mafundi wengi wa redio za gari hawakifanyi kwa sababu kwenye gari hawakihitaji.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, viwango vya boti vya Marekani vya ABYC kwa kawaida vinataka isizidi sentimita 18 hivi kutoka kwenye betri, na sababu ni kwamba waya ukichubuka kabla ya fyuzi unawaka moto na uko katikati ya ziwa. Muziki uwe na betri yake, ya kuwashia injini isiguswe. Hesabu yetu ilikuwa hivi, amplifaya ya klasi D, ile aina isiyopoteza umeme mwingi, ikitoa wastani wa wati 100 inavuta kama ampea 10 kwenye volti 12, betri ya ampea-saa 70 usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una masaa matatu na kidogo, inatosha kwenda Ikombe na kurudi na watu wakaogelea. Ya klasi AB ingekula karibu mara mbili.

Kwa deki ya lodji mambo ni mepesi zaidi, chukua zile zenye boksi lake zima za kuning'iniza chini ya paa, zielekeze chini kidogo ili maji yasikae kwenye koni na sauti iende kwa walioketi isiende ziwani. Na zile siku ambazo wadudu wa ziwani wanainuka kama moshi juu ya maji, zima taa iliyo karibu na spika, wanaifuata taa wanajaa kwenye grili na wakifa humo wanaoza. Grili za Polk zinatoka, unapangusa kwa brashi laini na maji ya kawaida, usitumie mashine ya kuoshea magari. Wenye deki kule Mufindi nao wajue ukungu wa asubuhi unaingia mahali ambapo mvua haifiki, kitundu cha jasho kwenye boksi kwao ni lazima.

Usiku tunapunguza. Sauti juu ya maji yaliyotulia inasafiri mbali sana, na kule gizani kuna wavuvi wa usipa na taa zao wanaitana kwa sauti, wakishindwa kusikiana mtu anaweza kupata ajali. Kitufe cha sauti kiko mkononi kwa nahodha, mgeni haruhusiwi kukigusa.

Kuhusu bei, hizi zimetugharimu karibu mara tatu ya zile za karatasi, na kazi ya waya, kiboksi na fyuzi ikawa karibu sawa na bei ya spika zenyewe. Mvua kubwa zimeshapita juu yake, rangi ya grili haijapauka na nilipofungua moja kuangalia nyuma nimekuta pakavu na vichwa vya waya viking'aa. Nazipa nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwenye besi. Mwenye mtumbwi mdogo usio na pa kutoboa asihangaike nazo, anunue spika moja ya bluutuzi ya IP67 aifunge kwa kamba, itamtosha.