Mgawo wa mafuta wa Naivasha: hesabu nyepesi, mita gizani

Utaratibu wa kugawana mapato ya mafuta ya Sudan, uliosainiwa Naivasha Januari 2004, unaeleweka upesi: kwanza angalau asilimia 2 kwa majimbo yenye visima, kisha salio la mafuta ya kusini nusu Juba (serikali ya kusini), nusu Khartoum (serikali ya kitaifa). Hapo unastahili sifa. Kasoro inatangulia mgawo wenyewe. Khartoum ndiyo iliyoshika takwimu za uzalishaji na mauzo, na mikataba ya zamani haikuruhusiwa kujadiliwa upya. Sasa nusu hiyo ni nusu ya ngapi? Umiliki wa ardhi uliahirishwa. Ada ya bomba linalopitisha mafuta ya kusini hadi bandari ya Port Sudan, baada ya kusini kujitenga 2011, haikupangwa, na Januari 2012 Juba ikafunga visima. Nyota 3 kati ya 5, moja ni ya ile asilimia 2.