Ekstensheni ya filta kwa wenye sabufa: friji imetulia, mvumo haikuugusa

Mnaokaa sebule moja na friji mnaijua hii, muvi iko kimya, mtu ananong'ona, afu friji inajizima spika zinapiga TAK! mpaka mtoto aliyelala anashtuka. Iliniudhi sana hii kitu ndo maana nikachukua ekstensheni yenye filta ndani, yani vidude vya kuchuja kelele za umeme, Kariakoo, 45,000. Najua ni hela, za kawaida ziko chini ya hapo sana.

Kabla ya kuichomeka niliifungua na fundi, coz sokoni zipo zimeandikwa filta nje afu ndani ni shaba na kataa kekundu tu. Hii imo kweli: waya umezungushwa pande mbili kwenye pete nyeusi ya feraiti, kapasita ya njano imeandikwa X2 275V, vikapasita viwili vya bluu vinavyoenda ethi (ule waya wa kupeleka umeme ardhini), na kile kidude cha duara cha kuzuia umeme ukiruka. Usipokuta pete na hiyo ya njano rudisha dukani.

Sasa ile tak imebaki kidogo mno, mpaka utege sikio. Friji ikikatiwa umeme na thermostati panatokea cheche, hiyo cheche inasafiri kwenye waya za nyumba mpaka kwenye amplifaya, filta inaidaka njiani. Ule mchakacho wa taa za LED za bei poa na chaja za simu nao umepungua sana. Naipa nne kati ya tano.

Ila ule mvumo wa mmmmm haikuugusa kabisa na hapa wengi watasema wamepigwa, sio kweli jamani. Ule ni wa 50Hz, yani ndo umeme wenyewe wa ukutani, filta ikiuzuia huo amplifaya haiwaki. Kwangu ulitokea kwenye king'amuzi, dishi limeshika ethi huko nje, amplifaya ina ethi yake ukutani, basi umeme kidogo unazunguka kupitia waya za jeki nyekundu na nyeupe. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, mvumo ukikata ujue ndo huo. Dawa yake ni kale kaboksi kenye vitransfoma viwili ndani, unakaweka katikati ya waya za jeki basi, za bei chee zinakula besi kidogo ila unaongeza kwa rimoti. Na tafadhali msikate mguu wa ethi kwenye plagi, mvumo utaisha kweli lakini siku amplifaya ikivujisha umeme kwenye bodi atakayeigusa anaweza kufa.

Ethi yenyewe muipime kwanza. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu ila nyuma hamna waya, au waya upo na fimbo ya shaba chini haijapigwa. Jirani yangu aliijaribu kwake hii ekstensheni, testa ikawaka kwenye bodi ya amplifaya na ukiigusa ukiwa peku inakutekenya, sababu vile vikapasita vya bluu havina pa kupeleka umeme. Alipopigiwa ethi ikaisha.

Kelele ya feni kwenye spika imepungua nusu tu. Rigeleta ya kielektroniki, ile ya kuzungusha taratibu, inakatakata umeme na kutoa zzzz, ukiweka spidi ya mwisho inatulia, fundi kasema ya hatua hatua haina hiyo shida nami naenda kuibadilisha.

Ni ya 10A, pasi na jiko la umeme hapana. Kinachonikera ni waya mfupi, mita moja na nusu, haufiki kwenye rafu ya TV mpaka uiunge kwenye ekstensheni nyingine kitu ambacho sipendi. Mwenye kuiona ya mita tatu yenye filta ya kweli ndani aseme ni duka gani.