Beautiful Soup kwa kuvuna data za vitabu na waandishi: uzoefu wangu

Kwa miezi kadhaa sasa natumia Beautiful Soup, laibrari (mkusanyiko wa msimbo uliokwisha andikwa) ya lugha ya programu ya Python, kuandaa orodha ya vitabu vya Kiswahili: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu). Orodha ni ya rafiki yangu mwenye duka la vitabu, aliyechoka kuulizwa "kile cha Shafi kipo?" na mteja asiyekumbuka lolote zaidi ya hapo.

Tuelewane mapema: Beautiful Soup haiendi mtandaoni. Ukurasa unauleta wewe kwa requests, laibrari nyingine ya Python, au chombo kingine, yenyewe inakabidhiwa HTML, yaani msimbo unaojenga ukurasa, na kuipanga ili uweze kuipekua kwa tegi (alama zinazozingira kila sehemu), klasi (majina ya makundi ya tegi) au maandishi. Leonard Richardson aliitoa mwaka 2004, na uzee wake ni faida, maana haishtuki ikikutana na HTML mbovu. Tovuti za wachapishaji wadogo zimejaa tegi zilizofunguliwa zikasahauliwa na majedwali ndani ya majedwali, na zote imenisomea. Kazi ya kuisoma HTML inaiachia kichanganuzi, nami natumia cha lxml kwa sababu kina kasi. Ukurasa ukiwa hoi kabisa naenda html5lib, kinachojikokota lakini kinasoma kama kivinjari.

Anayeanza ajifunzie books.toscrape.com, tovuti iliyowekwa makusudi kwa mazoezi. Ina vitabu 1000 katika kurasa 50. Jina refu la kitabu limekatwa kwenye kiungo, lililo kamili limo ndani ya sifa ya title. Nyota nazo hazikuandikwa kwa tarakimu, zimefichwa kwenye jina la klasi, mfano star-rating Three. Bei zake ni za kubuni, usizifanyie uchambuzi. Ajabu ni kwamba humo hakuna mwandishi hata mmoja! Kwa waandishi nenda quotes.toscrape.com, utapata tarehe na mahali walipozaliwa.

Kinachokera ni find, amri yake ya kutafuta. Ukitafuta tegi isiyokuwepo inakurudishia None, yaani hakuna kitu, kimyakimya, halafu programu inaanguka mstari unaofuata na ujumbe wa NoneType usiokwambia ni kitabu kipi. Kitabu kimoja kisicho na mwaka kinatosha kuua kazi ya usiku kucha. Kwa hiyo kagua kila kipengele kabla ya kuomba maandishi yake, na hifadhi kila ukurasa kwenye diski kabla hujauchambua. Ukishauhifadhi utauchambua mara mia bila kugusa bando. Kati ya ombi na ombi pumzika sekunde mbili tatu, soma na robots.txt, faili ambalo tovuti hutajia kurasa zisizopaswa kuvunwa na programu, kwani seva ya mchapishaji mdogo si ya kugongwa kwa fujo. Muhtasari wa kitabu na picha ya jalada mimi sivichukui, ni mali ya watu.

Orodha ikiwa inaletwa na JavaScript, programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari baada ya ukurasa kufika, laibrari hii itaona ganda tupu. Usikimbilie kwanza Playwright, chombo cha kuendesha kivinjari kwa programu. Chungulia zana za msanidi kwenye kivinjari, mara nyingi utaikuta data ikipita kama JSON safi, maandishi ya data yaliyopangwa tayari kwa programu. Na Open Library, katalogi huria ya vitabu mtandaoni, inaitoa JSON hiyo waziwazi kwa yeyote, basi huko hakuna haja ya kuvuna HTML.

Yote hayo ni kazi ya wikiendi. Kazi yenyewe hasa ni majina ya waandishi. Adam Shafi Adam, Adam Shafi na Shafi Adam Shafi ni mtu mmoja, na majina yote matatu yamo kwenye majalada. Said Ahmed Mohamed utamkuta pia kama Said A. Mohamed na "Mohamed, S.A.", kwa sababu katalogi nyingi hutanguliza jina la mwisho kana kwamba ni la ukoo, kumbe ni la babu. Ukiunganisha rekodi kwa jina hilo la mwisho unamchanganya na Mohamed Suleiman Mohamed, Mzanzibari mwingine, mwandishi wa riwaya vilevile. Nilijaribu programu za kulinganisha majina yanayofanana nikaziacha, zinaunganisha wasiohusiana na kuwatenga walio mmoja. Sasa nina faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, ninalolijaza kwa mkono, safu moja jina tulilokubaliana na rafiki yangu, nyingine sura zake zote.

ISBN inasaidia upande wa vitabu. Zinazoanza na 978-9976 na 978-9987 ni za Tanzania, 978-9966 ni ya Kenya, hivyo ukiiona namba unajua wa kumpigia simu yuko nchi gani. Zile za tarakimu 10, zilizotumika hadi mwisho wa 2006, unatanguliza 978 na kukokotoa upya tarakimu ya mwisho. Usiongeze 978 ukaacha mkia ule ule, mara nyingi namba itakuwa batili. Vilivyochapwa kabla ya mfumo huo kuenea hapa kwetu havina namba kabisa, na rafiki yangu anavyo rafu nzima. Hivyo tunavisoma jalada kwa jalada, yeye akitaja, mimi nikichapa.