Majitaka mitoni: kampuni binafsi za England au shirika la umma la Scotland?
Mvua kubwa ikikatika, nenda ukingoni uangalie: vitambaa vya chooni vimenasa matawini, rangi ya kijivu, vinanuka. Ndipo mjadala unapoanza upya.

Kwa fedha, Scotland inashinda. Kampuni za England zilibinafsishwa mwaka 1989 bila deni. Kufikia 2025 Thames Water peke yake, kampuni ya maji ya London na jirani zake, ilikuwa inadaiwa karibu pauni bilioni 20, baada ya miaka mingi ya kugawia wanahisa faida. Hilo linaniuma, maana anayelipa ni mwenye bili.

Kwa uwazi, mambo yanageuka. Tangu mwisho wa 2023 England ina vipimo kwenye matoleo yote ya mvua kubwa, yaani mabomba yanayomwaga majitaka mitoni mvua ikizidi, ndiyo maana tunajua majitaka yalimwagika zaidi ya saa milioni 3.6 mwaka 2024. Scotland kwa miaka mingi ilipima sehemu ndogo tu.

Usimamizi? England umelegea: Southern Water, kampuni ya maji ya kusini, ilitozwa faini ya pauni milioni 90 mwaka 2021 tu, kwa uchafu wa 2010 hadi 2015.

Anayehofia bili atavutiwa na umma. Anayeogelea mtoni kila wiki anahitaji kwanza takwimu za leo asubuhi, yeyote awe mmiliki.