Adam Frost au Diarmuid Gavin: ua wako umpe nani?

Wote wawili hubuni bustani, wote wamezoeleka kwenye televisheni ya Uingereza, na wote wana dhahabu ya Chelsea, yale maonyesho ya maua ya London. Baada ya hapo kila mtu na njia yake.

Frost alianza kazi akiwa na miaka 16, mwanagenzi katika idara ya bustani za umma North Devon, kisha akawa chini ya Geoff Hamilton, mtangazaji wa vipindi vya bustani, kwenye bustani yake ya Barnsdale. Ukimtazama kwenye Gardeners' World, kipindi cha bustani cha BBC, unaona kabisa kwamba huyu alishika jembe kabla ya kalamu ya kuchorea.

Gavin wa Dublin ni mambo mengine. Mwaka 2011 alipeleka Chelsea kibanda cha rangi ya waridi kilichopambwa mimea, akakining'iniza kwa winchi juu ya bustani, watu wakiwa ndani. Majaji wakampa dhahabu. (Nani alipanda kumwagilia, sijui.)

Kwa ua wenye watoto na kamba ya nguo, ningemwita Frost bila kusita. Gavin apewe bustani ya mji. Ile ya 2011 ilihamishiwa Cork, Ireland.